Kesho ya Fundi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, na hakuna aliyemwonea. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu, anakupima, anakusifia mabega, anakuambia njoo Alhamisi. Alhamisi ukifika, anainua uso kutoka kwenye cherehani kama mtu aliyefurahi kweli kukuona, halafu anasema, "Kesho, mama. Kesho bila kukosa." Kuna dada mmoja alipeleka kitambaa cha gauni la mahafali, akaja kulivaa siku ya mshahara wa kwanza.

Si kwamba fundi alikuwa mvivu. Alishindwa tu kumwambia mtu hapana. Hapana ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kesho ilikuwa laini, inateleza yenyewe. Mtu ananung'unika, anabamiza mlango, lakini anaondoka. Na siku nguo ilipokamilika kweli, fundi alitoka nayo nyuma imekunjwa vizuri, akasema "Tayari!" kama mtu anayetangaza mtoto amezaliwa, na mteja ananyoosha mikono miwili kupokea. Hiyo haikutokea mara nyingi, ndiyo maana ilikuwa sherehe.

Chini ya meza ya kukatia alikaa bosi wake.

Bosi alikuwa bintiye, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Jina alipewa na baba yake mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyeamua redio iwashwe au izimwe, dirisha lifunguliwe au lifungwe, na mteja gani manukato yake yamezidi. Ukikosea, anapiga kelele mpaka mtaa wa pili wanajua. Daktari alisema ana usonji. Majirani walisema mengi zaidi ya hayo, na bure. Bosi mwenyewe hakusema kitu, au tuseme maneno yake ungeweza kuyafunga kwenye ncha ya leso yasikulemee. "Maji." "Shona," maana yake kanyaga hiyo cherehani, kwa sababu ikianza kunguruma alilaza shavu juu ya meza yake, akafumba macho, na uso wote ukatulia kama maji ya mtungini. Na "kesho," ambalo alilisema akisukuma sahani asiyoitaka au akikataa viatu.

"Kesho, kesho," anasema, na kiatu kinaruka.

"Mwone, ameshakuwa fundi," mama yake anasema, na wote wawili wanacheka. Vya kuchekea nyumbani kwao vilikuwa vichache, hawakuviacha vipite.

Hata walimjivunia. Ukimwambia Bosi hapana, kwa kuwa hapana yenyewe hutoka kwa sauti ya ukali, analia. Lakini ukimwambia kesho, anashusha mabega, anageuka, anarudi chini ya meza. "Mtoto wetu ana subira," fundi aliwaambia watu. "Kuna watu wazima humu mtaani hawana subira hiyo, na wote ni wateja wangu."

Kwa muda mrefu mambo yalikwenda hivyo hivyo. Mkewe alipiga pasi kwenye dobi la hoteli, anaingia kabla ya jua, anatoka jua likiwa limechoka. Asubuhi Bosi alishinda na bibi yake, yaani mama mkwe wa fundi, mama mwenye mkono kama koleo: akikushika, umeshikwa. Mchana analetwa dukani. Kisha macho ya bibi yakaanza kufifia. Alianza kwa kukosa tundu la sindano, akaja akakosa ngazi, na siku moja akakosa mjukuu.

Bosi alikutwa katikati ya barabara kubwa, amelala kifudifudi, shavu kwenye lami, macho ameyafumba. Anasikiliza malori yanavyokuja.

Dereva aliyefunga breki alishuka akiacha mlango wazi. Akamnyanyua mtoto, akamkabidhi kwa fundi aliyekuwa anakuja mbio na futi ya kupimia shingoni, na hakumtukana hata tusi moja. Hilo ndilo lililomtisha fundi kuliko lori lenyewe.

"Baba," mama mkwe alimwambia jioni ile, amekaa kitandani, mikono imelala mapajani kama si yake. "Nitakuulia mtoto. Tafuta pa kumpeleka."

Pa kumpeleka wapi? Shule ya mtaani walishamjaribu, na mwalimu alimrudisha yeye mwenyewe kwa mkono. "Fundi, nina watoto wengi mpaka wengine nawajua kwa sauti tu. Wako anakaa chini ya dawati, na mimi kufundisha chini ya dawati sikusomea." Kumkalisha dukani siku nzima haikuwezekana, duka lilitazamana na barabara ile ile, na fundi akiinama kufuata mshono haoni dunia. Mama mtu aache kazi? Kesho za fundi ndizo zilizowapa jina, lakini pasi ya mama ndiyo iliyowapa chakula. Na msimamizi wa dobi alishamwambia akikosa tena asijisumbue kurudi.

Ikabaki shule maalumu.

Kulikuwa na moja ya kifahari kule juu, yenye bwawa la kuogelea na farasi. Fundi aliuliza ada, akaambiwa, akashukuru, akarudi kwa miguu ili apate muda wa kusahau. "Mama Bosi," alimwambia mkewe, "nikiuza cherehani, halafu na mimi mwenyewe nikauzwa juu yake, labda watamruhusu mtoto amwone huyo farasi kwa mbali."

Kulikuwa na ya pili, karibu na nyumbani, yenye geti la bluu. Ada yake ilivumilika na msimamizi wake alikuwa mchangamfu. "Hapa watoto hawasumbui, baba. Ukishaleta, umepumzika." Na kweli hawakusumbua. Walikaa kwenye viti vilivyopangwa mbele ya televisheni, na televisheni ilikuwa imezimwa. Komeo la mlango lilikuwa upande wa nje. Fundi, ambaye jicho lake likiona mshono haliwezi kupita bila kusalimia, aliona mkanda wa turubai umeshonewa kwenye kiti kimoja. Akaushika. Ulikuwa umepigwa mshono, ukarudiwa, ukarudiwa tena, kisha pembeni ukapigwa msalaba. Yeye alishashona mikanda ya mabegi maisha yake yote. Alijua mtu hashoni namna ile ila kitu kinachovutwa, tena kwa nguvu, tena kila siku.

"Huu ni wa nini, dada?"

"Wa usalama tu, baba."

Akauachia. Njia nzima kurudi, vidole vyake viliendelea kuuhisi.

Ya tatu ilikuwa nyuma ya karakana ya mbao, mwendo mrefu kutoka kwao. Haikuwa na kengele. "Kengele inawaumiza masikio," alieleza mwalimu mkuu, mwanamke mfupi mwenye raba miguuni kama mtu anayetarajia kukimbia wakati wowote. Wakati wa darasa ukifika, alipita uani na kitambaa cha njano amekishika juu, hasemi kitu, na watoto wakaanza kuingia, mmoja baada ya mwingine, wengine wakirukaruka, mmoja akirudi nyumanyuma. Fundi alisimama akitazama kile kitambaa. Pamba nzuri, pindo limepigwa kwa mkono.

"Nafasi iliyobaki ni moja," mwalimu mkuu akasema. "Mleteni tukae naye kidogo, tumwangalie. Sitaki kuwadanganya, mko wengi."

Siku ya kwenda, mama Bosi aliomba ruhusa dobini kwa kupiga magoti, na si mfano wa maneno. Kwenye benchi la kusubiria walimkuta mama mmoja amembeba mgongoni mtoto aliyepita umri wa kubebwa, miguu inaning'inia karibu na magoti ya mama. Walisalimiana.

"Wa kwenu anatembea?" yule mama aliuliza.

"Anatembea. Tatizo letu ni kwamba hasimami," fundi alisema, na yule mama akacheka mpaka mtoto mgongoni akatikisika. Kisha wote wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikumbuka kuwa nafasi ni moja.

Chumba cha kucheza kilikuwa na mkeka, vikapu, na bembea iliyoning'inizwa darini: kipande kipana cha kitambaa kizito, kama mfuko, mtoto anaingia mzima na kinambana kila upande. Bosi aliizunguka. Akainusa. Akaingiza mkono, akautoa, akaingiza kichwa, halafu akaingia mzima, zikabaki zinaonekana nywele tu. Mwalimu mkuu akaisukuma taratibu. Na mle ndani ikaanza kutoka sauti. Nzito, ya mfululizo, inapanda na kushuka.

"Anafanya nini?" mwalimu akanong'ona.

"Ni cherehani," fundi akasema. "Anashona."

Mkewe alimshika mkono akaubana mpaka pete ikamwingia. Hawakuwahi kumwona Bosi akijitengenezea utulivu mwenyewe. Siku zote alikuja kuuomba kwao. Mwalimu mkuu alikuwa anatabasamu. Alimtoa Bosi kwenye bembea polepole, akampa maji, akamchezesha na vikapu, akamrudisha kwenye bembea, na Bosi alikubali yote kama mtu aliyezaliwa mle. Fundi alishaanza kushona sare kichwani: kola laini, lebo ya shingoni aiondoe, ingemkera.

Muda ukaisha. Mwalimu mkuu akachuchumaa, akamtazama Bosi kwa upole wote alionao mtu, akamwambia, "Umenifurahisha sana, binti yangu. Sasa bembea tunaiacha. Utakuja kesho, sawa? Kesho."

Bosi akaitazama bembea. Akamtazama baba yake.

Halafu akapiga ukelele ambao fundi hakuwahi kuusikia, na alishasikia wa kila aina. Alijitupa chini akapiga paji la uso kwenye sakafu, akapiga tena. Mama yake aliingiza mkono katikati, ukapigwa mkono. Mwalimu mkuu alijaribu kumkumbatia akang'atwa juu ya kiwiko, meno yakashika na hayakuachia. Uani watoto wengine wakaanza kulia, mmoja akiwasha mwingine. Ilibidi wambebe wawili kumtoa nje, kama watu wanaoiba godoro.

Mwalimu mkuu aliwafuata hadi getini, kiwiko kimefungwa kitambaa. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mtoto anayejiumiza hivi anataka mtu wake peke yake, asubuhi mpaka jioni. Mtu huyo sina. Nitawaza, lakini... Na ninyi angalieni kwingine."

Yule mama wa benchini aliinamisha macho walipopita. Fundi aliona aibu kwa niaba yake, kwa sababu alijua kilichopita moyoni mwake. Na yeye kingempita.

Mkewe alisema nyumbani, akiwa anakanda vidole vilivyovimba.

"Basi ni geti la bluu."

"Mama Bosi, nimekuambia habari ya ule mkanda."

"Umeniambia. Umeniambia mpaka nauota. Sasa niambie kingine. Niambie nani atamshika asubuhi. Mama haoni. Mimi wananifukuza. Wewe ukishika sindano hata nyumba ikiungua unauliza nani anachoma mahindi. Niambie, baba Bosi!"

"Mlango wao unafungwa kwa nje."

"Na barabara inafungwa wapi?"

Fundi akafungua mdomo na neno likatoka lenyewe, kwa mazoea, kama mate. "Tutaongea kesho."

Mkewe alimtazama kama wateja wanavyomtazama. "Eti kesho," akasema, akaenda jikoni, na akageuza bomba la maji mpaka mwisho ili asisikike analia. Wakakubaliana hivyo bila kukubaliana: Jumatatu, geti la bluu.

Ijumaa fundi alikaa dukani hana mikono. Kila alichoshika alikishona kombo. Bosi yuko chini ya meza, paji la uso limevimba, hasemi shona, hasemi maji. Fundi aliikanyaga cherehani tupu, bila kitambaa, ili tu ingurume. Bosi hakutoka kuweka shavu. Alijaribu kujiambia kwamba labda pale kwenye geti la bluu wamebadilisha kile kiti. Labda mtoto aliyekuwa anavuta alikuwa mkubwa. Labda alikuwa mkorofi. Akajisikia anavyojishonea uongo, mshono juu ya mshono, na akaacha.

Ndipo akaingia shangazi wa bibi harusi mmoja.

Huyu alikuwa mwanamke wa sauti, mfanyabiashara wa vyombo, na kitambaa chake kilikuwa kimelala kwenye rafu tangu posa. Alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Fundi! Leo sikuja kukusalimia. Salamu zangu zimeisha, nimezileta hapa zote mpaka za watoto. Gauni langu liko wapi?"

"Shangazi, karibu, yaani nilikuwa nakuwaza wewe hapa..."

"Usiniwaze, nishonee! Harusi ni wiki ijayo, au unataka niende nimejifunga pazia?"

"Kesho, shangazi. Kesho bila kukosa."

Chini ya meza kukasikika mchakacho. Bosi akatoka, vumbi la chaki magotini. Akamwendea shangazi, ambaye hakuwahi hata kumtazama, akamshika kiganja cha mkono. Akamgeuza. Akaanza kumwongoza kwenda mlangoni taratibu, huku kwa mkono wa pili anampigapiga mgongoni, vile watu wanavyopigapigana mgongoni msibani.

"Kesho," akamwambia. "Kesho. Kesho."

Akamfikisha nje, akamwachia, akasimama akimtazama.

"Makubwa! Fundi, sasa umeajiri na wa kunifukuza?"

"Hakufukuzi, shangazi, anacheza tu."

"Anacheza wapi? Hebu mtazame usoni." Shangazi alikuwa ameshusha sauti, jambo ambalo kwake ni kama mtu mwingine kuzimia. "Huyu ananipa pole. Mtoto anajua kabisa kwamba hapa sipati kitu. Tofauti yenu ni kwamba yeye ameniambia."

Fundi alikuwa ameshika mkasi. Akauweka mezani.

Aliwaona wote. Wateja wote waliowahi kusimama pale, kutokea chini ya meza, yaani miguu yao. Miguu inaingia imechangamka. Baba anasema neno. Miguu inakaa kimya, inageuka, inatoka mitupu. Siku baada ya siku, tangu Bosi anatambaa. Hakuna aliyewahi kumweleza mtoto huyu kwamba kesho ni siku. Kesho ni lile neno baba analosema ukiwa hupati. Analisema kwa upole, anatabasamu, na hupati. Na yeye kalijifunza sawasawa, kalichukua kama lilivyo: sahani sitaki, kesho. Viatu sivai, kesho. Na akiambiwa yeye kesho, anashusha mabega anaondoka, nao wanaita subira. Kumbe mtoto alikuwa anakata tamaa, tena kwa adabu, vitu vidogo vidogo, miaka yote. Mpaka alipoletewa ile bembea. Akabembezwa, akaonjeshwa, halafu mtu akachuchumaa mbele yake akamwambia kwa tabasamu: hupati. Hupati tena. Sawa?

Nani asingeng'ata?

"Fundi? Fundi, umepatwa na nini, mbona umekuwa na rangi ya chaki?"

"Shangazi, nilindie duka."

"Nini? Na gauni langu?"

Akafungua mdomo. Lile neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akalimeza, likashuka kwa shida kama kidonge bila maji.

"Sijalikata, shangazi. Hata mkasi sijaligusisha. Gauni hapana."

Shangazi alibaki mdomo wazi. Alishafokewa, alishabembelezwa, alishadanganywa na mafundi wa kila namna. Hili lilikuwa jipya. "Hee," akasema tu, akavuta kiti akakaa. Fundi alishampakia Bosi mgongoni, ameondoka.

Alifika kwenye karakana ya mbao shati limemganda. Mwalimu mkuu alikuwa uani, kitambaa cha njano begani, anaelekea ofisini na walimu wawili. Mlinzi alijaribu kuuliza, fundi alipita kama hajamwona, akamshusha Bosi chini.

"Mwalimu! Mwalimu, kesho si kesho."

Mwalimu mkuu alimtazama juu mpaka chini. "Fundi, umekunywa?"

"Sikunywa. Kesho kwake ni hapana. Wewe ulimwambia kesho, yeye akasikia hapana. Mimi ndiye niliyemfundisha, dukani, bila kujua. Wateja, mwalimu... nawaambia kesho na hawapati..." Alikuwa anajisikia anavyoongea ovyo. Kule njiani maneno yote yalikuwa yamepangika. "Hakuchafukwa bure. Si mtoto wa kujipigapiga. Alielewa! Alielewa kuliko sisi."

Mwalimu mkuu alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyesikia maelezo ya wazazi wengi, yote ya kweli kwa wenyewe. Kiwiko chake bado kilikuwa na alama.

"Fundi, nimekusikia. Kweli. Lakini walimu wananisubiri, kikao chenyewe ndicho cha hiyo nafasi, na hapa tumesimama juani. Nenda kampumzishe mtoto. Njoo kesho tuzungumze."

Ilikuwa sauti ile ile. Fundi aliijua, ni yake. Ule upole, lile tabasamu la mwisho la kumsindikiza mtu. Aliinua macho kumtazama mwalimu usoni, aone hii ni kesho ipi, na yeye, baba wa kesho zote, hakuweza kujua.

Bosi alikuwa amesimama kando yake, shingo imepinda kuelekea dirisha la chumba cha kucheza. Mabega yakashuka. Hakupiga kelele. Kelele alishazimaliza siku ile. Alimshika baba yake kiganja, akamgeuza, akaanza kumwongoza kuelekea getini, na kwa mkono mwingine akawa anampigapiga mgongoni, chini kidogo, pale alipofika.

"Kesho," akamwambia. "Kesho. Kesho."

Fundi akafuata. Miguu yake haikuwa na hoja nyingine. Waliupita mti wa kamba za kuanikia, wakalipita benchi.

"Fundi. Simama."

Akasimama. Bosi aliendelea kumvuta.

Mwalimu mkuu alikuwa hajaondoka pale alipokuwa. Walimu wenzake walishafika mlangoni, wamegeuka wanamtazama. "Mimi nimewaambia nini hapa sasa hivi?" akauliza, na hakuwa anamuuliza fundi hasa.

"Umetuambia hapana, mwalimu."

Mwalimu mkuu akaja, raba hazina sauti, akachuchumaa mbali kidogo na Bosi, mbali kuliko siku ile. "Dukani kwako," akasema taratibu, "mtu akipata nguo yake. Mnasemaje?"

Fundi ilibidi afikirie. Kweli hilo lilikuwa neno la nadra. "Tayari," akasema. "Tunasema tayari."

Mwalimu mkuu akamgeukia mtoto. "Tayari," akamwambia.

Mvuto kwenye kiganja cha fundi ukalegea. Bosi akageuka. Hakumtazama mwalimu usoni, yeye huwa hatazami nyuso. Lakini aliinua mikono yote miwili, viganja juu, akainyoosha mbele kama alivyoona inavyonyooshwa, akasubiri.

Mwalimu mkuu aliitazama ile mikono. Yeye hakuwa na kitu. Akajipapasa mifukoni, akashika begani, akakivuta kile kitambaa cha njano, akakikunja mara moja, akakiweka juu ya viganja.

Bosi alikileta shavuni. Akafumba macho.

"Njoo," mwalimu akasema, akanyanyuka, akaanza kutembea bila kugeuka. Na Bosi akamfuata, na kitambaa, mpaka ndani.

Mlangoni mwalimu aligeuza kichwa. "Sijasema nimempokea, fundi. Namwangalia tena. Na kikao bado kipo. Kaa hapo."

Fundi akakaa kwenye benchi, au benchi lilimpokea. Baada ya muda alisikia kulabu ya bembea ikilia darini, kisha ile sauti nzito ya mfululizo, inapanda na kushuka. Akainama akashika uso kwa mikono miwili. Alikuwa bado ameinama hivyo alipomsikia mlinzi getini.

"Mwalimu mkuu ana kazi, mama. Ana mgeni, halafu ana kikao. Njoo kesho."

Ni yule mama wa benchini. Mtoto yuko mgongoni, miguu inaning'inia, kiatu kimoja kimeanguka na yule mama anajaribu kukiokota bila kuinama sana. "Lakini waliniambia leo ndiyo nije nijue, kaka."

"Kesho, mama. Usijali, kesho."

Yule mama alitingisha kichwa kukubali, akamsogeza mtoto juu mgongoni, akageuka. Mabega yalishuka. Fundi aliyatazama. Hakuwahi kuyatazama mabega ya mtu kutokea nyuma. Akishasema neno lake huwa anainama kwenye cherehani.

Mle ndani Bosi anashona. Kikao kitaanza hivi punde. Alichotakiwa fundi kufanya ni kukaa kimya tu, kama mtu aliyechoka.

"Mama!" akaita, sauti ikapasuka. "Usiondoke!"

Yule mama akageuka, akamtambua. "Wamesema kesho."

"Nimesikia. Hiyo kesho naijua mimi. Usiende nayo." Akasimama, akaokota kiatu, akakipiga vumbi pajani, akamvisha mtoto mguuni. Mlinzi akarudi getini kwake. "Kaa hapa. Akitoka akukute. Ni lazima akukute kabla ya kikao."

"Ndani kuna nani?"

"Binti yangu."

Yule mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akalegeza nguo ya kubebea, akamshusha mtoto polepole, akamkalisha katikati ya benchi, na yeye akakaa upande wake. Mtoto alielemea mkono wa fundi kwa uzito wake wote. Fundi hakuusogeza. Wakakaa hivyo, watatu, wanautazama mlango mmoja.